Mtumishi wa Umma Awajibike kwa Nani?

Katika kila makao makuu ya wilaya kuna benchi. Hapo huketi mwananchi aliyetoka kijijini kabla ya mapambazuko, karatasi yake mkononi, akingoja kuitwa. Pengine ataitwa saa nne. Pengine ataambiwa kwamba mkubwa yumo mkutanoni, au kwamba jalada lake halionekani masijala, na arudi wiki ijayo. Nauli imekwisha kwenda, siku ya shamba imepotea, na hakuna aliyempa sababu kwa maandishi.

Benchi hilo lilikuwapo wakati wa mkoloni, na baada ya Uhuru halikuondoka. Tangu Desemba 9, 1961, utumishi wa Serikali katika nchi hii umefanyiwa marekebisho makubwa kwa zamu: ya watu, ya mwenendo, ya mahali, ya idadi, ya taratibu na ya vyeti. Kila rekebisho lilikuwa na sababu yake, na mengine yalileta faida ambayo hakuna mtu mwadilifu atakayeikana. Hata hivyo ipo haja ya kuuliza kwa nini, baada ya jitihada zote hizo, mwananchi wa benchini bado huambiwa arudi wiki ijayo. Jibu limo ndani ya historia yenyewe. Historia hiyo ni ya Serikali ya Tanganyika hadi mwaka 1964, na baada ya hapo ya Serikali ya Muungano. Zanzibar ina utumishi wake na sheria zake.

Serikali ya kikoloni haikuficha nia yake. Bwana Shauri alikusanya kodi, akahukumu kesi, akawasimamia machifu, na katika wilaya nzima hapakuwa na mtu ye yote wa kumhoji. Alimjibu Mkuu wa Jimbo, Mkuu wa Jimbo akamjibu Gavana, na Gavana akaijibu London. Kazi zenyewe zilipangwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu juu, Mwasia katikati, na Mwafrika chini kabisa, akiwa tarishi, karani, mkalimani au mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 1953 watumishi wa Kiafrika walikatazwa kujiunga na vyama vya siasa. Mwaka 1954, Tume ya Lidbury iliyochunguza utumishi wa nchi za Afrika Mashariki ilipendekeza mishahara isipangwe tena kwa rangi. Lakini nyongeza maalumu ya kuwavutia wageni ikaidumisha tofauti ile ile kwa jina jingine. Utumishi wa namna hiyo ulijengwa ili kutawala. Kumhudumia mtawaliwa halikuwa lengo lake.

Hivyo basi, kazi ya kwanza ya nchi huru ilikuwa kuubadili uso wa utumishi. Wakati wa Uhuru, wananchi walishika yapata robo tu ya nafasi za juu na za kati. Mwaka 1961 Tume ya Adu, iliyoongozwa na mtumishi mashuhuri wa Ghana, iliitazama upya mishahara. Januari 1962 Mwalimu Nyerere aliacha uwaziri mkuu ili akaimarishe chama, na Rashidi Kawawa aliyeshika nafasi hiyo akaisukuma mbele kazi ya kuwaweka Waafrika katika madaraka. Wakuu wa majimbo wa Kiingereza wakaondoka; mahali pao wakaingia wakuu wa mikoa. Mwaka huo huo wa 1962, walimu waliokuwa wameajiriwa na misheni, na mamlaka za wenyeji na Serikali, kila mmoja kwa masharti yake, waliwekwa chini ya utumishi mmoja. Mwalimu wa leo anayehamishwa kutoka Newala hadi Ngara bila ya kupoteza miaka yake ya kazi anakula matunda ya uamuzi huo.

Ndipo Januari 1964 Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba ubaguzi wa rangi katika kuajiri wananchi sasa ukome. Tangu hapo kipimo kingekuwa uraia na uwezo wa mtu. Tangazo hilo lilihitaji ushupavu, kwa kuwa wako waliodhani kwamba haki maana yake ni kuigeuza dhuluma upande wa pili. Mwaka huo huo mlango ukafunguliwa kwa watumishi wa Serikali kujiunga na TANU. Uso wa utumishi ulikuwa umebadilika. Lakini kiti kilibaki kile kile, na ofisa mpya aliyekikalia aliwajibika kule kule juu alikowajibika yule wa zamani. Wananchi, ambao hawakosi jina la kitu wanachokiona, wakamwita ofisa wa namna hiyo mangimeza.

Viongozi wa wakati ule waliiona hatari hiyo, na mwaka 1966 likafanyika jambo ambalo leo halikumbukwi inavyostahili. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 ilikuwa imeifanya nchi kuwa ya chama kimoja, nayo ikaweka msingi wa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambayo ilianza kazi chini ya uenyekiti wa Chifu Erasto Mang'enya. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika Afrika. Hoja iliyoizaa ilieleweka na kila mtu: pasipo na chama cha upinzani cha kuwahoji wenye madaraka, mwananchi apewe mahali pa kuwashtakia, bila ya wakili na bila ya gharama. Wajumbe wa Tume walikwenda mikoani kusikiliza malalamiko kwa masikio yao wenyewe. Mkulima aliyenyimwa haki yake na ofisa aliweza kusema mbele ya watu ambao ofisa huyo alilazimika kuwajibu.

Ni kweli kwamba Tume hiyo ilikuwa na mipaka. Haikuweza kuamuru, ilichunguza, kisha ikapeleka mapendekezo yake kwa Rais. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza swali lilielekezwa mahali pake: mtumishi akikosea, mwananchi amwendee nani? Mwaka 2001 sheria ilianzisha Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ili ichukue nafasi yake, ikiwa na mamlaka mapana zaidi. Inafaa kujiuliza ni watumishi wangapi wanaoijua kazi ya chombo hicho, na ni walimu wangapi wanaowafundisha wanafunzi wao namna ya kukitumia.

Baada ya kiti ikaja zamu ya tabia ya anayekikalia. Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hoja ya mishahara minono ya wakubwa ilizuka hadharani, na Mwalimu Nyerere akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 5, 1967, likatangazwa Azimio la Arusha pamoja na miiko ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni ya kibepari, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya namna hiyo, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Miiko hiyo iliwahusu pia watumishi wa Serikali wa ngazi za kati na za juu. Neno la kwamba cheo ni dhamana likapata uzito wa sheria.

Miiko iliwazuia wengi wasijitajirishe kwa vyeo vyao, na kizazi cha watumishi waliostaafu bila ya mali isiyoelezeka kinapaswa kuheshimiwa. Lakini miiko ilisimamiwa kutoka juu. Mwananchi wa benchini hakuambiwa afanye nini iwapo ofisa asiye na nyumba ya kupangisha wala hisa hata moja anamfukuza dirishani kila siku. Mtu aweza kuwa mwaminifu wa mali, akawa dhalimu wa muda wa wenzake.

Rekebisho la mahali lilikuja mwaka 1972 kwa jina la Madaraka Mikoani. Kampuni ya washauri ya McKinsey kutoka Marekani ilisaidia kuuchora mpango huo. Maofisa waliokuwa wamejazana Dar es Salaam wakapelekwa mikoani na wilayani, chini ya Wakurugenzi wa Maendeleo, na mwaka huo huo Chuo cha Uongozi wa Maendeleo kikaanza Mzumbe ili kuwafundisha. Nia ilikuwa njema: mambo ya Kigoma yaamuliwe Kigoma. Fedha na wataalamu walisogea kweli karibu na vijiji, na hilo lilikuwa jema.

Kosa lilikuwa katika kilichoondolewa. Halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zilivunjwa, na za miji zikafuata. Diwani aliyeweza kusimama na kuuliza fedha za zahanati zimekwenda wapi hakuwapo tena. Mahali pake palikuwa na kamati za kushauri, ambazo ofisa aliweza kuzisikiliza au kuzipuuza. Uamuzi ulikuwa umesogea karibu na mwananchi, lakini mwenye kuamua akawa mbali naye kuliko alivyokuwa kabla. Huduma za miji zilipodorora, halmashauri za miji zikarudishwa kwa sheria ya mpito ya mwaka 1978. Sheria za mwaka 1982 zikafungua njia ya kuzirudisha halmashauri zote, nazo zikaanza tena kazi mwaka 1984. Taifa lilitumia miaka kumi na miwili kujifunza kwamba kumhamisha ofisa na kumwajibisha ofisa ni kazi mbili.

Wakati huo huo utumishi ulikuwa ukipanuka kwa kasi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliitaka nchi itoe elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo mwaka 1977, na maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifanya kazi, kwa masomo ya posta na ya redio. Wako wanaoidharau kazi yao leo, wakisahau kwamba bila ya vijana hao mamilioni ya watoto wasingaliona ubao. Kisha zikaja shida: bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, nchi ikapigana na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979, na mshahara wa mtumishi ukayeyuka kwa mfumuko wa bei. Ofisa akafuga kuku nyuma ya nyumba ya Serikali. Mwalimu akauza maandazi wakati wa mapumziko. Mtumishi ambaye mshahara wake hauvuki katikati ya mwezi huanza kuliona dirisha lake kuwa shamba lake. Februari 1991 Azimio la Zanzibar likailegeza miiko ya Arusha, kwa sehemu kwa sababu hali yenyewe ilikuwa imekwisha kuipita.

Mwaka huo huo wa 1991 likaanza rekebisho la idadi, yaani Programu ya Marekebisho ya Utumishi Serikalini, iliyotekelezwa hadi mwaka 1999 huku wafadhili na mashirika ya fedha ya kimataifa wakiisukuma. Watumishi, waliokuwa yapata 355,000 mwaka 1992, walipunguzwa hadi chini ya 280,000 mwishoni mwa muongo. Maelfu ya majina yasiyo na watu yaliondolewa katika orodha ya mishahara, nayo makumi ya maelfu ya watu halisi wakapunguzwa kazini, wakapewa kiinua mgongo chao, wakaenda. Posho nyingi zilizotawanyika ziliunganishwa na mshahara. Serikali isiyoweza kuwalipa watumishi wake ilikuwa haina budi kufanya hesabu, na hesabu ikafanywa.

Lakini hesabu ya vichwa haikuwa na nafasi ya kuandika kazi ya kila kichwa. Ajira mpya zilibanwa katika muongo ambao watoto waliendelea kuzaliwa. Mwaka 2002 ada ya shule za msingi ilipokuwa imefutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza, wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 4.8 mwaka 2001 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Walimu waliokuwapo ndio walioubeba mzigo huo, kwa zamu ya asubuhi na ya mchana, katika madarasa yasiyo na madawati. Kama mzazi wa mwaka 1995 angeulizwa ni nani apunguzwe na ni nani aongezwe katika wilaya yake, asingalikosa jibu. Hakuulizwa.

Ilipoingia karne mpya, zamu ikawa ya taratibu. Sheria ya mwaka 1997 ilikuwa imeruhusu Wakala wa Serikali. Programu ya Maboresho ya Utumishi wa Umma ikaanza mwaka 2000. Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 8 ikatungwa mwaka 2002. Hapo kabla, tathmini ya mtumishi ilikuwa taarifa ya siri. Mkubwa wake aliiandika, akaifunga, akaipeleka, na mtumishi aliweza kufanya kazi miaka ishirini bila ya kujua kilichoandikwa juu yake. Mwaka 2004 ulianzishwa Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, uliojulikana zaidi kwa jina la OPRAS, ambao uliwaketisha mkubwa na mdogo wakubaliane malengo. Hiyo ilikuwa hatua ya heshima. Kuanzia mwaka 2023 mfumo wa kompyuta wa PEPMIS ulianza kuchukua nafasi yake. Ofisi nyingi zikabandika ukutani mikataba ya huduma kwa mteja, ikitaja siku ambazo kila shughuli itachukua.

Waliowahi kujaza fomu za OPRAS wanajua zilivyofikia mwisho wake. Katika ofisi nyingi zilijazwa kwa pupa karibu na tarehe ya kuzipeleka, malengo yakinakiliwa kutoka mwaka uliotangulia. Si ajabu. Walioketi mezani walikuwa wawili, mtumishi na msimamizi wake, na wote wawili walikuwa na haja ya kumaliza karatasi. Mtu wa tatu, ambaye kazi yenyewe inafanywa kwa ajili yake, hakuwa na kiti. Nao mkataba wa huduma uliobandikwa ukutani haumsaidii mwananchi ambaye hajaambiwa la kufanya siku zilizotajwa zikipita.

Rekebisho la vyeti liko karibu mno kusahaulika. Mwaka 2016 ulianza msako wa watumishi hewa, na Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma orodha ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe. Hakuna anayeweza kutetea cheti cha kughushi. Mgonjwa na mwanafunzi wana haki ya kuhudumiwa na mtu aliyesomea kazi yake. Mwaka 2022 Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliruhusu walioondolewa warudishiwe michango yao ya hifadhi ya jamii, na hilo nalo lilikuwa jambo la ubinadamu. Lakini ipo sehemu ya swali iliyobaki bila ya kujibiwa. Jina hewa haliingii lenyewe katika orodha ya mishahara. Kuna aliyeliandika, aliyelihakiki na aliyelitia sahihi mwezi baada ya mwezi. Katika kijiji ambako kila mtu anajua shule ina walimu wangapi, orodha ya walimu wanaolipwa ingalibandikwa mlangoni mwa ofisi ya kijiji, watoto wenyewe wangaliwataja wasiokuwapo.

Tukio hilo linafumbua fundisho la miaka yote hii. Marekebisho yaliuliza ni nani aketi kitini, aishi vipi, aketi wapi, wawe wangapi, wapimwe kwa fomu gani na wawe na cheti gani. Yote ni maswali ya haki, na yote yaliulizwa na mkubwa kumhusu mdogo. Ni mara mbili tu mwananchi alipopewa nafasi ya kuuliza mwenyewe: alipopewa Tume ya Uchunguzi mwaka 1966, na aliporudishiwa halmashauri zake mwaka 1984. Hizo mbili ndizo zilizogusa mzizi, na ndizo zinazopuuzwa kwa wepesi zaidi.

Haitakuwa haki kuyasema haya bila ya kutazama upande wa pili wa dirisha. Mtumishi naye ni mwananchi, na mara nyingi naye yumo benchini. Mwalimu anayefuatilia kupandishwa daraja, nauli ya uhamisho au malimbikizo ya mshahara huacha darasa lake, hupanda gari hadi wilayani, na huko huambiwa maneno yale yale: jalada halionekani, rudi wiki ijayo. Madai hayo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea mgomo wa walimu wa mwaka 2012, uliokomeshwa kwa amri ya Mahakama. Kima cha chini cha mshahara kimepandishwa kwa asilimia 23.3 mwaka 2022, na mwaka 2025 kikapandishwa tena kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Hizo ni hatua za kupongezwa. Lakini nyongeza haiondoi uchungu wa mtu asiyejibiwa. Mtumishi aliyezoea kudharauliwa na wakubwa wake hujifunza dharau, naye huipeleka dirishani kwa mtu aliye dhaifu kuliko yeye.

Kwa hiyo rekebisho linalofuata halihitaji washauri kutoka ng'ambo wala jina jipya. Kila ombi lipokewe kwa tarehe, na likikataliwa sababu iandikwe na kusainiwa na aliyelikataa. Malalamiko dhidi ya ofisi za wilaya yasomwe katika kikao cha wazi cha madiwani, pamoja na majibu yake. Tathmini ya kila mtumishi iwe na sehemu inayotoka kwa wale anaowahudumia. Nayo madai ya mtumishi mwenyewe yawekewe siku ya mwisho kama yanavyowekewa malipo ya kodi, na ofisa anayeyakalia aulizwe kwa jina lake.

Walimu na watumishi wanaweza kuanza bila ya kungoja waraka. Karani anaweza kesho asubuhi kuandika tarehe juu ya barua aliyoipokea, na kumpa mleta barua nakala. Mwalimu wa uraia anaweza kuwafundisha wanafunzi wake kuandika barua ya malalamiko yenye adabu na hoja. Ofisa anaweza kutoka nje ya mlango wake saa mbili asubuhi, akahesabu walioketi benchini, na saa tisa na nusu akatoka tena kuona ni wangapi waliobaki. Hesabu hiyo aiandike, na mwisho wa mwezi aisome mbele ya waliomchagua diwani wao.